Barua kwa mwanangu: yoti mbili za Kilifi

Mwanangu,

Nimesoma swali lako. Kilifi kunauzwa yoti mbili kuukuu, Westsail 32 na Contessa 32, na unataka kujua ipi itampa raha mkeo na wanao mkienda Pemba na Unguja, na ipi ina mbio. Urefu wa futi 32 usikufanye uone ni vyombo vya aina moja. Westsail ina tani 9, na mkuku wake (uti wa chini ya chombo) ni mrefu, unatoka omo, yaani mbele, mpaka usukani ulioning'inia nyuma ya tezi. Contessa ina tani 4.3, nyembamba, na mkuku wake ni mfupi kama pezi.

Hesabu uliyoikuta kwenye tangazo, ile ya "raha", aliibuni Ted Brewer, msanifu wa vyombo. Unachukua uzito kwa pauni, unaugawa kwa vitu vitatu vilivyozidishwa pamoja: 0.65, kisha asilimia 70 ya urefu wa mstari wa maji ikijumlishwa na asilimia 30 ya urefu wote, kwa futi, kisha upana uliopandishwa kipeo cha 1.33. Contessa inapata 28 hivi, Westsail 43 hivi. Namba ikiwa kubwa, chombo kinarushwa polepole na wimbi na tumbo linatulia. Brewer mwenyewe alisema aliibuni nusu kwa mzaha, basi nawe usiifanye msahafu. Haijui joto la chumbani wala kitanda kilichojengwa pembeni mno.

Hesabu nyingine, ya kupima hatari ya chombo kupinduka, ilitokana na mashindano ya yoti ya Fastnet ya 1979, ambako mabaharia 15 wa mashindano walikufa. Chini ya 2 huhesabiwa salama. Contessa ina 1.8 na Westsail 1.6. Lakini hesabu hiyo inatazama upana na uzito tu. Ungeichukua farumi yote, yaani uzito uwekwao chini ili chombo kitulie, ukaifunga kileleni mwa mlingoti, jibu lisingebadilika! Kwa hiyo tazama pia farumi: kwa Contessa ni karibu asilimia 47 ya uzito wote, kwa Westsail asilimia 35. Na katika daraja la vyombo vidogo zaidi la Fastnet ile, chombo pekee kilichomaliza kilikuwa Contessa 32 iitwayo Assent.

Sasa twende kwenye bahari yako, maana hapo ndipo jibu lilipo. Kutoka Kilifi mpaka ncha ya kaskazini ya Pemba ni kama maili 75 za baharini, kuelekea kusini. Wakati wa kusi upepo unakupiga usoni na mkondo unakusukuma nyuma, kwa hiyo utabisha njia nzima, yaani utakwenda kwa kukata upepo upande huu kisha upande ule. Tuseme Westsail inakwenda maili 5 kwa saa na pembe kati ya bisho moja na jingine ni digrii 110: inayosogea kweli kusini ni maili 2.9. Toa mkondo wa maili 2, imebaki 0.9, yaani zaidi ya siku tatu. Contessa ikishika 5.2 kwa digrii 90 inapata 3.7, toa mkondo, inabaki 1.7, chini ya siku mbili. Italala ubavu na itawalowesha, lakini mtafika. Raha ni saa pia. Kaskazi mambo yanageuka: upepo uko nyuma, Westsail inakwenda imetulia, na Contessa ndiyo itakayoyumba mrama, ubavu kwa ubavu, kuliko mwenzake.

Usiamini namba za karatasi kabla hujaona chombo kinavyokaa majini. Vyombo vya safari hubeba makorokoro ya miaka. Kila kilo 130 hivi huizamisha Contessa sentimita moja; Westsail inahitaji kama 185. Ukikuta mstari wa rangi ya chini umezama sentimita 8, una zaidi ya tani moja isiyo kwenye hesabu ya msanifu, na ile kasi ya 5.2 sahau.

Kipimo cha mrama unaweza kukifanya mwenyewe. Maji yakiwa shwari, legeza kamba zote, simama ubavuni, kitikise chombo mpaka kiyumbe, kisha hesabu muda wa mayumbo 10 kamili, kwenda na kurudi, na ugawe kwa 10. Zidisha upana kwa mita na 0.8, gawa kwa sekunde hizo, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: hicho ndicho kipimo cha uthabiti kwa mita. Westsail yenye upana wa mita 3.35 ikiyumba kwa sekunde 3 inapata karibu 0.8. Sekunde zikiwa chache mno, chombo kinakurudisha kwa kishindo, na watoto watatapika. Zikiwa nyingi mno, uliza kimebeba nini juu.

Ukaguzi wa mwili ufanye kwenye maji ya bamvua, chombo kikauke kwenye mchanga mgumu, kimeegemea magogo. Westsail inasimama vizuri zaidi juu ya mkuku wake. Gonga sitaha kwa nyundo ya plastiki: sauti kavu ni salama, sauti nzito iliyokufa ina maana maji yameingia kwenye mbao zilizo kati ya faiba, hasa pembeni mwa nguzo za uzio. Malengelenge machache chini ya maji hayatishi. Mpasuko kuzunguka mkuku au usukani ndio wa kuukimbia.

Pesa nyingi iko juu. Waya za mlingoti zikiwa na zaidi ya miaka 10 kwenye chumvi na joto hili, zihesabu kuwa zimekwisha hata ziking'aa. Chuma cha pua huoza pale kisipopata hewa, kwa hiyo ng'oa walau kipande kimoja cha chuma kinachoshika waya ukitazame pale kinapopenya sitaha. Muuzaji akikataa, punguza bei kana kwamba vyote vimeoza. Tanga likipasuka uzi kwa ukucha, jua limelimaliza.

Injini iguse kabla ya kuwashwa, iwe baridi. Muuzaji akiwa amekwisha kuipasha moto, rudi kesho. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Ushauri wangu: na watoto wadogo mtasafiri kwa kaskazi, basi chukua Westsail, ikiwa tu vyuma vya mlingoti vimepita. Mwambie muuzaji mtoke nje ya mlango wa bahari upepo ukiwa wa maili 15, mbishe mara nne, usome dira kila bisho. Pembe ikipita digrii 120, matanga yamechoka au chini kumejaa kome.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, muulize kama ushuru wa forodha umelipwa Kenya, kisha thibitisha mwenyewe kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Yoti yenye bendera ya nje inaweza kuwa imeingia kwa kibali cha muda tu, na bili hiyo itamfuata mnunuzi.

Baba yako