Kabla ya kuniuliza Hilux au Land Cruiser, niambie injini

Kila msimu wa mavuno simu huwa ni ya aina moja. Mtu kapata hela, anataka pikapu ya kazi, anauliza: kaka, nichukue Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, au nijikaze mpaka nifike Land Cruiser? Nimenunua alizeti na asali Kiteto na Simanjiro, mkoani Manyara, kwa miaka kumi na minne, na nimelala porini mara nyingi kwa sababu ya gari. Kwa hiyo na mimi huuliza: lina injini gani, na likikufia, litakufia wapi?

Tuanze na Hilux, maana ndiyo inayosifiwa zaidi. Watu wanasema Hilux haifi, kana kwamba ni gari moja tangu ilipotoka mwaka 1968. Hilux yenye injini ya 5L, lita 3.0, isiyo na turbo wala kompyuta kwenye pampu yake ya dizeli, na Hilux Vigo yenye injini ya 1KD, iliyoanza mwaka 2004, ni magari mawili yanayotumia jina moja. La kwanza halina mbio. Ukilipakia tani moja, mlimani utashuka mpaka gia ya pili na watakupita wote. Lakini fundi yeyote wa wilayani analifungua kwa spana alizonazo. Angalia tu herufi: 5L-E siyo 5L, ile ya E pampu yake inaongozwa na umeme.

1KD inavuta vizuri sana, na mwenye kuitunza inamfikisha mbali. Ugonjwa wake unajulikana duniani kote. Chini ya nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, kuna washa, yaani pete ndogo za shaba. Zikianza kuvuja, gesi ya moto inapenya, oili inageuka kama lami, na lile chujio la kufyonzea oili chini kwenye sampu, bakuli la oili, linaziba. Injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha ipo ya kutosha. Ukinunua Vigo ya mtumba, mwambie fundi afungue sampu akaangalie hilo chujio kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa, mwachie gari lake.

Sasa nieleze kwa nini naiogopa dizeli kuliko ninavyoogopa matope.

Mwaka 2017, mwezi wa Machi, nilikuwa na dabo kebini ya kisasa. Kampuni siitaji, kwa sababu yaliyonipata yangeipata kampuni yoyote yenye mfumo ule. Nilijaza dizeli ya madumu kijijini, nikaondoka na magunia kumi na mawili ya alizeti. Baada ya kilometa kama thelathini gari likaanza kukatakata. Taa ya injini ikawaka, mwendo ukakataa kupanda, mwisho likazima kabisa. Pale ni mbuga ya udongo mweusi; mvua ikishanyesha, hata kutembea kwa miguu ni kazi. Nililala siku mbili. Siku ya tatu alipita mzee mmoja na pikapu ya Land Cruiser ya zamani, akanifunga mnyororo akanivuta mpaka mjini Kibaya. Njiani akaniambia na yeye amejaza kwenye madumu yale yale.

Fundi alifungua filta, akamimina kilichokuwemo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiweka juu ya boneti. Tukasubiri dakika tano. Juu ikabaki dizeli ya rangi ya chai ya rangi, chini yakakaa maji yenye kutu, karibu vidole viwili. Akaniuliza, "Kaka, umejaza wapi?" Hakungoja nimjibu. Akasema hana mashine ya kuisoma kompyuta ya gari hilo, nilipeleke Dodoma. Dodoma nikaambiwa nozeli zote nne zimekwisha na pampu imejikwangua ndani. Faida yangu ya msimu ule iliishia hapo.

Injini hizi za kisasa zinasukuma dizeli kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000, na ndani ya nozeli nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo kuliko unywele. Dizeli yenyewe ndiyo grisi yake. Maji yakiingia, chuma kinasugua chuma. Pampu za zamani nazo maji huziumiza, mtu asikudanganye, ila mgandamizo wake ni mdogo, zinavumilia zaidi, na zikiumia zipo karakana nyingi zinazozitengeneza. Ndiyo maana mzee yule alifika na mimi sikufika.

Land Cruiser ya mzee ilikuwa na injini ya 1HZ. Injini hii ilikuja mwaka 1990: lita 4.2, silinda sita kwa mstari, haina turbo, na nguvu zake ni kama farasi 130 tu. Kwa ukubwa ule ni nguvu kidogo, na huo ndio uzima wake, haijikazi. Magari ya wagonjwa, ya miradi na ya polisi mengi ninayokutana nayo vijijini ni Land Cruiser za mkonga zenye injini hii, kwa hiyo spea zake zipo na mafundi wake wamezoea. Nayo ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza mkanda wa taimingi: kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi, lakini kwa mtumba ambao kilometa zake zimerudishwa nyuma taa hiyo haina maana, badilisha mkanda siku uliyolinunua. Pili, usikubali kufungiwa turbo na fundi wa kubahatisha. Silinda hedi ya 1HZ ikizidishiwa joto inapasuka.

Land Rover naiheshimu. Defender yenye injini ya 300Tdi, zile za kuanzia 1994, ni gari la spana pia, na bodi yake ya aluminiamu haioti kutu kama bati, ingawa chasisi ni chuma na inaoza. Igonge kwa nyundo ukiwa chini ya gari. Ukikaa Arusha, mafundi walioanza nazo tangu ujana wao wapo. Ukikaa mbali na mafundi hao, fikiria mara mbili. Injini iliyoifuata, Td5 ya 1998, tayari ina kompyuta. Nissan Patrol yenye injini ya TD42 mimi naiona sawa na 1HZ kwa ugumu, na taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika. Shida ni spea tu. Kwa njia zangu utaisubiri itoke Gerezani, Dar es Salaam.

Ranger na D-Max? Kwa anayekaa mjini, anayejaza kwenye vituo vya uhakika na kulipeleka gari kwa wenye mashine zake, ni magari mazuri na yanastarehesha kuliko Hilux. D-Max inaunganishwa Nairobi, kwa hiyo msomaji wangu wa Kenya ana nafuu ambayo mimi wa Kiteto sina. Wa Ranger ya 3.2 nawaambia kitu kimoja: ukimwaga oili usiende kunywa chai ukaiacha wazi. Pampu yake ya oili ikikaa tupu muda mrefu inaweza kushindwa kuvuta tena, na ukiwasha injini inajisaga. Weka filta na oili mpya papo hapo, na usimame ukiangalia.

Mimi nilirudi kwenye Hilux ya kebini moja, 5L. Nimeifungia filta ya pili ya kutenganisha maji, na dumu lolote la kijijini halimwagwi kwenye tangi kabla halijapita kwenye chupa kwanza. Kila Jumamosi nafungua kizibo cha chini ya filta nakinga kwa kifuniko cha birika. Jumamosi iliyopita yalitoka maji ya kijiko kimoja.