Msifunge ethi kwenye nyutro

Dada yangu wa Igogo, Mwanza, unasema uwanja ni mwamba mtupu, nondo ya ethi, yaani ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, haizami, na fundi anataka kuifunga ethi kwenye nyutro ndani ya mein swichi. Usimruhusu! Nyutro hurudisha umeme kila taa inapowaka. Ethi inasubiri hitilafu tu. Akiziunganisha hapo, siku nyutro ikikatika nguzoni, bati la friji linaweza kubeba hadi volti 230, nawe uko pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Friji ya hivyo niliikuta Mabatini: testa iliwaka nilipoigusisha mlangoni tu.

Tafuteni udongo wenye unyevu kati ya mawe, hata kule maji ya bafuni yanakoishia. Nondo ikigoma, mlaze waya mtupu wa shaba kwenye mtaro mrefu, kisha ethi ipimwe kwa mashine. Na breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30 lazima iwepo.