Jibu kwa aliyeuliza Wakiso, wilaya jirani, inahusikaje na majitaka ya Kampala

Ndugu, maji hayajui mpaka wa wilaya. Mfereji wa Lubigi unapitisha maji ya mitaa ya Bwaise na Kawaala, unaingia kwenye kinamasi kinachoendelea hadi Wakiso, kisha Mto Mayanja, na kuishia kaskazini kabisa. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ikizibua upande wake tu, imemsukumia jirani uchafu.

Tena mabomba ya majitaka si ya KCCA wala ya Wakiso. Ni ya NWSC, shirika la taifa la maji na majitaka, na yamefikia sehemu ndogo tu ya mji. Wengi wetu tunatumia choo cha shimo au tangi. Ndiyo maana mvua ikinyesha usiku, kuna wanaofungulia vyoo vyao mferejini (mnajijua!). Gari la kunyonya uchafu wa vyoo ni ghali, na linavuka wilaya kwenda kumwaga kwenye mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa 2014.

Kwa hiyo KCCA na wilaya jirani waanze na magari hayo: leseni moja na bei moja kwa Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi. Upande wa Nakivubo, mfereji mwingine wa Kampala, mambo ni mabaya zaidi, maana mfereji ule unaingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na Ggaba tunachota humo humo maji ya kunywa.