Mnara unasema Kivukoni, yeye anasema alikuwa Kigamboni

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako amekwisha kwenye kesi yake: anasema saa mbili usiku, muda wa tukio, alikuwa Kigamboni, wapelelezi wanasema rekodi za kampuni ya simu zinaonyesha simu yake ilisoma mnara wa Kivukoni, ng'ambo ya maji hapa Dar. Hilo peke yake halimfungi. Pale Magogoni, kwenye kivuko cha pantoni, mkondo ni mwembamba na juu ya maji hakuna ghorofa la kuzuia mawimbi, kwa hiyo simu iliyoko Kigamboni inaweza kabisa kushika mnara wa ng'ambo, hasa ule wa karibu ukielemewa. Angekuwa amesema yuko Tegeta, mbali kule, ningenyamaza.

Anzeni na muda. Saa mbili usiku kwenye rekodi ni 20:00, lakini mtambo ukiandika kwa UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, itasomeka 17:00. Mtu akiichukua kama saa kumi na moja jioni, mnabishania mnara usiohusika.

Kisha hakikisheni rekodi ni za simu yake kwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Ina tarakimu 15. Ya mwisho ni ya uhakiki tu, na mara nyingi rekodi huiandika 0. Linganisheni 14 za mwanzo na zinazotokea mkibonyeza *#06# kwenye simu yake. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, msishtuke.

Wakili aombe rekodi za wiki mbili tatu kabla ya tukio, siyo za saa ile tu. Kama usiku akiwa nyumbani simu hushika seli hiyohiyo ya Kivukoni, mmeshapata pa kusimamia. Nimesema seli, siyo mnara: mnara wa kawaida una sekta tatu, kila moja kama digrii 120, na namba ya seli ndiyo inayotofautisha inayotazama Kigamboni na inayotazama Posta, katikati ya jiji. Mwelekeo wa antena uwe wa tarehe ile, maana antena hugeuzwa.

Tena rekodi hujiandika simu ikitumika tu. WhatsApp huonekana kama data, na kipindi kirefu cha data kinaweza kuandikiwa seli kilipoanzia. Mtu ameshavuka na pantoni, karatasi bado inamweka Magogoni.

Ramani ya wapelelezi yenye miduara ya rangi msiikubali bila jedwali ghafi la rekodi zenyewe. Denmark mwaka 2019 ilisitisha matumizi ya data hizi mahakamani kwa miezi miwili, kwa sababu programu ya kuzigeuza ilikuwa ikizikosea.

Mwisho nendeni alipokuwa, saa ileile, na laini ya mtandao uleule. Iwekeni simu itumie 2G pekee, kisha 4G pekee, mkiandika namba ya seli kila mara. Na notisi ya kutokuwepo eneo la tukio itolewe kabla kesi haijaanza kusikilizwa.