Modeli ya MiG-21 ukiwa Lindi: tafuta chubwi kabla ya rangi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mjomba kakuletea boksi la modeli ya plastiki ya MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, ya kipimo cha 1/72, upo Lindi mjini, huna kifaa zaidi ya kichupa cha gundi kilichokuja na boksi, na unauliza uanzie wapi na kama rangi ya kopo wanayouza kwa mafundi gereji itafaa. Hilo la pili nalijibu hapa hapa: haifai, angalau si moja kwa moja juu ya plastiki tupu. Nasema hivyo kwa sababu yangu ya kwanza ilikuwa MiG-21 hiyo hiyo, na mimi nikakimbilia gereji.

Nipo Mtwara, Chikongola. Mchana ni fundi umeme wa majumbani, usiku nakuwa na haya mambo yangu ya kitoto, kama anavyoyaita mke wangu. Hadi leo nimeunda ndege tano. Mbili ndizo ninazoweza kumwonyesha mtu bila kuona aibu.

Ile ya kwanza niliimaliza kuunganisha kwa siku mbili, kwa pupa. Fundi rangi akanimiminia kijivu cha gari kilichochanganywa na tina, akanipulizia mwenyewe kwa mashine yake. Bati la gari haliijali tina. Plastiki ya hizi modeli ni polistarini, na tina kali inaila. Dakika kumi tu, mabawa yakatoka vinyufa kama tope la bwawa lililokauka, na ile michoro midogo ya mabati iliyochongwa kiwandani ikafutika. Fundi akaniangalia, nikamwangalia, nikamlipa nikaondoka. Kosa halikuwa lake.

Kabla ya rangi, elewa hiyo 1/72. Waingereza waliihesabu kwa futi: inchi moja ya modeli ni futi 6 za ndege yenyewe. MiG-21 halisi ina upana wa mita 7.15 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo yako haifiki sentimita 10. Sasa piga hesabu ya uzembe: ukirundika rangi nene ya nusu milimita, kwenye ndege halisi hiyo ni sentimita 3.6. Hakuna ndege iliyopakwa rangi nene kama plasta ya ukuta. Ndiyo maana kila kitu hapa kinakwenda kwa tabaka nyembamba, na ndiyo maana mwenye haraka anaumbuka.

Vifaa usiagize nje kwanza. Rangi za kopo za kupuliza hazisafirishwi hovyo kwa ndege kwa sababu zinalipuka, utasubiri mpaka uchoke. Zunguka mjini. Kibano cha nyusi kipo kwenye maduka ya vipodozi, hicho ndicho cha kushikia vipande vidogo. Kikata kucha kinakata vipande kutoka kwenye fito zake, yaani vijiti vya plastiki vinavyovishikilia, vizuri kuliko kisu (usikate usawa wa kipande, acha kijino kidogo, umalizie kwa wembe). Vibanio vya nguo na raba bendi vinashika mwili wakati gundi inakauka. Bomba la sindano jipya la duka la dawa linapima rangi na maji. Msasa wa maji namba 400, 800 na 1000 upo duka la vifaa vya magari, na hapo ndipo gereji inapokufaa.

Halafu nenda kwa wauza zana za uvuvi ununue chubwi, vile vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapolia. Ndege nyingi za jeti zina gurudumu moja mbele na mawili katikati, na kwenye modeli uzito mwingi huangukia nyuma ya yale mawili. Ukimaliza bila kuweka uzito puani, ndege yako itakaa kitako, pua juu, kama mbwa anayesubiri mfupa. Na ukishaufunga mwili kwa gundi hakuna mlango wa kurudia. MiG-21 imekurahisishia: pua yake ni tundu la kuingizia hewa lenye koni katikati, na nyuma ya koni hiyo kuna nafasi. Kabla ya gundi, shika mwili na mabawa kwa tepu ya karatasi, weka penseli chini pale yatakapokuwa yale magurudumu mawili ya katikati, kisha ongeza vipande vya chubwi puani mpaka pua ishuke yenyewe. Ikishuka, ongeza kimoja zaidi, kwa sababu rangi na mkia vitaongeza uzito nyuma. Risasi ni laini, koleo la kawaida linaikata, ila nawa mikono kabla hujashika chakula. Ishikize kwa gundi kali ya mchanganyiko wa vichupa viwili. Usitumie gundi nyeupe ya mbao. Risasi ikikaa nayo muda mrefu hutoa unga mweupe na kuvimba, inaweza kuupasua mwili. Na ishike kweli. Yangu ya pili ilibanduka ndani, mpaka leo ukiitikisa ni kayamba.

Sehemu zote zioshe kwanza kwa sabuni ya vyombo na mswaki laini. Kiwandani kuna mafuta yanayobaki juu ya plastiki, rangi haishiki.

Gundi ya boksi inayeyusha plastiki pande zote mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo tone dogo linatosha. Supaglu ina kazi yake, lakini isikaribie kioo cha rubani. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo, na kwa unyevu wa pwani yetu ukungu huo hauchelewi. Kioo kibandike kwa ile gundi nyeupe ya mbao niliyoikataza puani; ikikauka haionekani. Kama kioo kimekwaruzika, sugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba.

Penye ufa kati ya nusu mbili za mwili, usinunue puti ya magari. Kata kata mabaki ya fito, yatie kwenye kichupa cha asetoni, acha usiku kucha yawe uji mzito. Huo uji ni plastiki ile ile, ukikauka unapigwa msasa sawa na mwili wenyewe. Fanya penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Msasa alinifundisha babu yangu mzaa mama. Ni mchongaji wa mpingo, Mmakonde wa ng'ambo, alivuka Ruvuma akiwa kijana wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji na akabaki Newala. Aliponiona nasugua kwa nguvu alicheka. Akaniambia zamani wao walimalizia kinyago kwa majani ya mti wenyewe unaoitwa msasa, na jani ukilikandamiza linachanika, kwa hiyo mkono ulijifunza wenyewe kuwa mwepesi. Chovya msasa kwenye maji, zungusha polepole, kisha funga macho upitishe ukucha juu ya kiungo. Jicho linadanganywa na rangi ya plastiki, ukucha haudanganyiki. Ukucha ukikwama, bado.

Huyo babu ndiye aliyenibadilisha hata kwenye upakaji. Ndege yangu ya tatu ilikuwa Fiat G.91, ya Italia, iliruka mara ya kwanza mwaka 1956. Ni ndogo, mita 10.3 tu, pua imejaa kamera za upelelezi na mdomo wa hewa uko chini yake. Ureno ilipata 40 kutoka Ujerumani Magharibi mwaka 1966, ikazipeleka Guinea ya Kireno (Guinea-Bissau ya leo) kisha Msumbiji, nyingine zikawa zinaruka kutoka Nacala kwenda kupiga huko kwetu uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, kwao babu. Nilichagua stika za Ureno kwa sababu hiyo. Juu niliipaka kwa wiki nzima. Chini nilipitisha rangi nyepesi mara moja nikaacha, si itasimama mezani, nani ataona?

Nikampelekea babu Newala. Hakuangalia juu kabisa. Aliipindua, akaishika kwa urefu wa mkono juu ya kichwa chake, akaitazama tumbo. Kisha akasema, "Ndiyo hii. Lakini hapa hujamaliza." Yeye aliijua ndege hiyo upande mmoja tu, akiwa amelala kifudifudi kwenye shamba la mihogo na kugeuza shingo. Alinionyesha kiungo cha katikati ya tumbo ambacho sikukipiga msasa. Nilirudi nayo Mtwara, nikaivua magurudumu, nikaanza upya chini. Siku hizi naanzia tumboni kila modeli.

Sasa rangi. Kwa kuanzia tumia akriliki za maji, zile za wachoraji zinapatikana maduka ya vifaa vya shule, zilainishe mpaka ziwe kama maziwa, pitisha brashi laini tabaka tatu au nne, kila moja ikauke kwanza. Kama lazima utumie kopo la kupuliza, jaribu kwenye fito, simama mbali, na tabaka la kwanza liwe vumbi tu la rangi linalokauka kabla ya kuloweka plastiki.

Lakini siku ya kupulizia haichaguliwi na wewe, inachaguliwa na hewa. Rangi ya tina ikikauka inavuta joto, uso unapoa, na unyevu wa hewani unaganda juu yake kama umande. Matokeo yake ni weupe uliofifia, hasa kwenye vanishi isiyong'aa. Niliharibu hivyo mwezi Januari, kaskazi imeshika, mvua imenyesha asubuhi, nguo kambani hazikauki. Subiri kusi, Juni mpaka Septemba, au kwenye masika tafuta siku kavu, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa. Kipimo changu ni chumvi: ikiwa imelowa kwenye kikopo jikoni, sipulizi. Pulizia ndani ya boksi kubwa lililofunguliwa upande mmoja, maana kusi nayo inakuja na vumbi. Na kama una shamba la korosho jirani wanapiga salfa, funga dirisha ukalale.

Stika ni za maji. Uso lazima ung'ae kwanza, pitisha vanishi ya kung'aa, la sivyo hewa inabaki chini ya stika na inaonekana kama mba. Maji ya uvuguvugu, sekunde chache, iteleze kwa brashi, usiivute. Tone la siki iliyochanganywa na maji linailainisha ikae kwenye mikunjo. Kama karatasi ya stika imeshakuwa ya njano kwa kukaa, ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua siku chache, unjano unapungua sana. Ukimaliza irudishe kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Antena nyembamba usihangaike nazo. Pasha fito juu ya mshumaa, isiungue, ikilegea ivute pande mbili: unapata uzi wa plastiki mwembamba kama unywele.

Jumamosi hii fanya vitu viwili tu, sabuni na chubwi. Usifungue gundi. Ukiona pua imeshuka yenyewe juu ya penseli, piga picha uiweke hapa, na upige na tumbo.