Vitabu vya utabibu bei mbaya: maktaba ya chuo inasaidia nini zaidi ya feni na meza?

Mkuu, umeuliza kama maktaba ina faida yoyote kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa utabibu aliyepewa orodha ya vitabu ambavyo kimoja tu kinameza hela ya kula ya mwezi. Pia una mwenzako wa chumba mwenye ualbino anayehangaika na maandishi madogo. Nimekaa kaunta ya maktaba ya chuo cha afya huku mkoani, ngoja nikwambie ninayoyajua.

Hiyo orodha usiende nayo dukani kabla hujamwonyesha mkutubi. Kwa anatomia na fiziolojia kuna kitabu cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani. Unakipakua bure, na leseni yake inaruhusu kukichapa, kwa hiyo steshenari ya nje ya geti wakikutolea kopi za sura mbili tatu hawajamwibia mtu. Sisi tulikiweka kwenye kompyuta za maktaba, watu wanakuja na flashi zao. Mifupa ni ileile Texas na Tandahimba. Ila ukifika kwenye matibabu achana na vya Marekani, shika mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, nao ni bure, na wodini ndio utakaoulizwa.

Kuna Hinari pia, huduma ya mtandaoni ya kusomea majarida na vitabu vya afya, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002. Vyuo vya Tanzania haviilipii. Nywila hupewa chuo, na mara nyingi inakaa kwa mkutubi ikisubiri mtu aiulize. Ukipewa, tafadhali usiirushe kwenye grupu la WhatsApp.

Toleo la zamani la anatomia lisikutishe. La famakolojia likutishe, dawa zinabadilika. Na vile vitabu vinavyosomewa humohumo kwa saa mbili, uliza kama unaweza kuchukua kimoja jioni maktaba inapofungwa ukakirudisha asubuhi. Kwetu ilikuwa ruksa, na wachache sana walijua.

Sasa mwenzako. Tuliwahi kuwa na mwanafunzi kama yeye. Tukaanza na tulichokiona rahisi, kukuza kopi kutoka A4 kwenda A3. Alishukuru, lakini baada ya muda akatuambia ukweli: furushi ni zito, na kila mtu darasani anamkodolea macho. Kilichomfaa ni maandishi kwenye simu. Hapo PDF inasumbua, maana ukiikuza unabaki kuivuta kushoto na kulia kila mstari. Kile kitabu cha OpenStax akisomee kwenye tovuti yao, ukikuza herufi mistari inajipanga upya yenyewe. Meza yake iwe mbali na dirisha, mwanga mkali unamuumiza macho. Hilo halihitaji bajeti wala kikao.

Kwa asiyeona kabisa kuna NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta. Lakini madesa yaliyopigwa picha kwa simu yakageuzwa PDF kwake ni bubu, kwa sababu ile ni picha tu. Lazima kwanza yapitishwe kwenye programu ya kutambua herufi, kazi ambayo maktaba inapaswa kuifanya.

Mkikatazwa kukuziwa kitabu kizima kwa hoja ya hakimiliki, utajeni Mkataba wa Marrakesh wa 2013. Tanzania imejiunga nao, na unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala za namna hiyo kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Msigombane, wengi hawajausikia.

Mwisho kuna fomu ya kupendekeza vitabu. Kwetu ilikuwa inajazwa na walimu walewale, ndiyo maana rafu zilijaa vitabu vya masomo yao. Ijazeni nyote wawili kabla bajeti ya Julai haijafungwa, mwenzako aandike wazi kwamba anataka nakala ya kielektroniki, na mumwombe mwalimu wa somo aweke sahihi. Yenye sahihi ya mwalimu hairudishwi kirahisi.