Nyumba ya Wazazi na Kaka Aliyebaki Humo

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, sisi ni ndugu wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, na mama amemfuata mwaka jana bila kuacha wosia. Nyumba waliyotulea ingali kwa jina la baba. Kaka yetu mkubwa hakuwahi kuhama. Ndiye aliyemuuguza mama na kuezeka paa upya, na sasa anadai nyumba ni yake. Kitindamimba anataka iuzwe mara moja. Juzi nilipokwenda kuchukua vitu vyangu nilikuta kufuli la lango limebadilishwa. Je, haki ni ya nani?
Dada wa Pili

JIBU: Dada yangu, pole kwa msiba na kwa haya yaliyoufuata. Mnagombania mambo matatu kana kwamba ni moja: umiliki, makazi na gharama. Kuishi ndani ya nyumba si kuimiliki, na kumuuguza mzazi, ingawa ni wema usiolipika, hakumhamishii mtu hati.

Anzeni na hati hiyo. Kwa kuwa ingali kwa jina la baba, inaelekea mirathi yake haikufunguliwa, na fungu la mama kama mjane halikutengwa. Nalo sasa ni urithi. Basi zipo mirathi mbili, na kila moja inahitaji msimamizi anayetambuliwa na mahakama, ingawa mtu mmoja aweza kuzisimamia zote. Kabla ya hapo hakuna kati yenu, awe kaka au kitindamimba, mwenye mamlaka ya kuuza hata dirisha. Ikiwa baba alikuwa na mtoto mwingine, atajwe sasa, maana akijitokeza baada ya mgawo mtaanza upya.

Mafungu hutegemea sheria inayoiongoza familia yenu. Mkiwa Waislamu, na ninyi wanne ndio warithi pekee, mali hugawanywa mafungu sita: kila kaka mawili, kila dada moja. Panapotumika sheria ya watoto kurithi sawa, kila mmoja ana robo.

Kuhusu paa, namtetea kaka yenu. Alete stakabadhi za mabati, mbao na fundi. Asipokuwa nazo, mthamini aweza kukadiria paa hilo limeongeza kiasi gani katika thamani ya nyumba, na kiasi hicho, ambacho mara nyingi hakilingani na alichotumia, ana hoja nzuri ya kurejeshewa kabla ya mgawo. Msikimbilie kumdai kodi ya miaka yote. Uhai wa mama alikaa kwa ridhaa yake, na hata baada ya hapo, sheria zenye asili ya Kiingereza kwa kawaida hazimtozi kodi mmiliki mwenza anayeishi katika nyumba ya pamoja, isipokuwa amewazuia wenzake kuingia. Kwa hiyo kufuli lile linamdhuru yeye kuliko ninyi. Mwandikieni kwa adabu kumwomba ufunguo, na mtunze nakala ya barua, wala msikae kimya miaka, kwa sababu katika nchi nyingi madai ya ardhi yana ukomo wa muda.

Akiitaka nyumba, ainunue. Tuseme mgawo ni sawa, hakuna madeni, thamani ni 100 na paa limekadiriwa kuwa 8: inabaki 92, robo yake ni 23, naye atawalipa ninyi watatu 69 tu, kwani robo ya nne ni yake tayari. Mara nyingi ndugu hukwama hapa kwa kudhani kwamba anayebaki hulipa bei nzima. Mthamini asichaguliwe na upande mmoja, na malipo ya awamu yaandikwe pamoja na tarehe zake, hati isihamishwe kabla ya awamu ya mwisho.

Kitindamimba naye ana haki ya kutaka fungu lake, lakini si ya kuwaharakisha mpaka mpate bei ya hasara. Mpeni kaka muda maalumu wa kutafuta fedha. Akishindwa, msimamizi aiuze nyumba sokoni, na kaka aruhusiwe kukaa humo hadi siku mnunuzi atakapokabidhiwa.